Saikosisi ya Parkinson na neno linaloharibu kipimo

Juzi nimelisikia tena: "Parkinson imempanda kichwani, siku hizi ana wazimu." Aliyesema ni msomi, na alisema kwa huruma kabisa. Mzee aliyekuwa akisemwa alikuwa ameketi hatua tatu tu kutoka pale, anasikia kila kitu. Kosa lake ni kwamba alimwambia mkwewe kuwa jioni kuna watoto wawili huja kukaa kwenye kochi, wametulia, hawasemi neno. "Najua hawapo," aliongeza, "ila nikipita nasogeza miguu nisiwakanyage." Maneno hayo ya mwisho hakuna aliyeyatilia maanani.

Maana yenyewe haichukui muda. Saikosisi, jina la kitaalamu la hali kama ya mzee huyo, katika Parkinson, ugonjwa wa ubongo unaotetemesha na kukakamaza mwili, ni kupatwa na angalau moja kati ya haya, mara kwa mara au mfululizo kwa mwezi mmoja, baada ya ugonjwa wenyewe kuanza: kukiona kitu kilichopo kuwa kitu kingine, kuhisi kuna mtu karibu ilhali hayupo, kuona au kusikia kisichokuwapo, au kushikilia imani ya uongo ambayo hoja haiing'oi, kwa mfano kwamba mke ana hawara. Ndivyo jopo la wataalamu lilivyoandika nchini Marekani mwaka 2007, kwa sharti kwamba sababu nyingine ziondolewe kwanza. Na wala si jambo la nadra. Utafiti wa Sydney uliowafuata wagonjwa kwa miaka 20 ulikuta maruweruwe, yaani kuona au kusikia kisichokuwapo, kwa asilimia 74 ya waliokuwa bado hai.

Sasa tuje kwenye maneno, maana ndiko kunakoniuma.

Saikosisi ni Kigiriki kilichopitia Ujerumani na Austria: psyche, nafsi, pamoja na kiambishi cha kuonyesha hali. Ernst von Feuchtersleben, daktari wa Vienna, alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1845, wakati ule likiwa na maana pana kuliko leo. Baadaye likabanwa hadi likawa jina la kupoteza uwezo wa kutenganisha kilichopo na kisichopo. Wataalamu wa 2007 hawakumtaka mgonjwa awe amepoteza uwezo huo. Anayejua kwamba watoto wa kwenye kochi hawapo naye anahesabiwa. Kwa hiyo hata jina la kitaalamu lina kasoro yake, tukubali.

Lakini wazimu? Mzizi wake ni ule ule wa mzimu, mizimu na kuzimu. Ndiyo maana Kiswahili kinasema wazimu humpanda mtu, kama vile kuna kitu kimetoka nje kikamkalia. Ukilitamka neno hilo umeshataja chanzo kabla hujaeleza dalili. Chanzo chenyewe katika Parkinson ni ubongo: mabadiliko ya ugonjwa katika sehemu zinazochakata kinachoonekana, na mara nyingi dawa zile zile zinazomwezesha mgonjwa kutembea, levodopa na wenzake. Hakuna aliyepanda wala kushuka.

Na kinachokera zaidi ni kwamba maneno mazuri tunayo, yamekaa bure. Mazigazi: msafiri anaona maji mbele barabarani, akifika hakuna. Kulikuwa na kitu, mwanga na joto, jicho likakisoma vibaya. Koti lililotundikwa mlangoni likionekana mtu amesimama, hilo ni zigazi hasa. Maruweruwe ni kuona pasipo kitu chochote cha kusomwa vibaya. Huko Ufaransa, Esquirol, daktari wa magonjwa ya akili, alijulikana mwanzoni mwa karne ya 19 kwa kuzitenganisha hali hizi mbili. Najua wasemaji wengi huyachanganya maneno haya, na kamusi haziwasaidii sana, lakini angalau hayamtukani mtu. Mauzauza nayaogopa, yananukia kiini macho. Maono tuwaachie manabii.

Mtu ataniambia hayo ni mambo ya walimu wa lugha. Hapana, kwa sababu dalili hizi hazina kipimo cha damu wala picha ya kuzithibitisha. Kipimo ni swali, na swali limetengenezwa kwa maneno. Tena kihistoria swali lilichelewa. James Parkinson mwenyewe, daktari ambaye ugonjwa huu una jina lake, katika insha yake ya mwaka 1817 kuuhusu, aliandika kwamba hisi na akili hazidhuriki.

Vyombo vinavyotumika, yaani orodha za maswali yenye alama, kila kimoja kina asili yake. SAPS ilitungwa na Nancy Andreasen miaka ya 1980 kwa ajili ya skizofrenia, ugonjwa wa akili ambao sauti ndizo hutawala. Ilipopunguzwa kwa ajili ya Parkinson vilibaki vipengele 9, na kimojawapo bado kinauliza kuhusu sauti zinazozungumza zenyewe kwa zenyewe, wakati hisia ya kwamba kuna mtu nyuma ya bega haina kipengele chake. NPI haimuulizi mgonjwa, inamuuliza anayemtunza. Mgonjwa akiwa ameficha, au akiwa ameona aibu, NPI inarekodi ukimya. MDS-UPDRS ina kipengele kimoja tu, alama 0 hadi 4: mazigazi anayoyatambua ni 1, maruweruwe kamili huku anajua si kweli ni 2, asipojua tena ni 3, imani potofu au shuku kali ni 4.

Peleka vyombo hivyo katika lugha kumi. Utaratibu wa kawaida ni kutafsiri, kisha mtu mwingine asiyeuona mwanzo arudishe tafsiri katika lugha ya asili, halafu walinganishe. Utaratibu mzuri, ila unakagua neno tu, haukagui aibu. "Je, una wazimu?" hurudi salama kabisa upande wa pili, na karibu kila mgonjwa atajibu hapana. Muulize mtu huyo huyo, "Imewahi kutokea ukadhani mtu au mnyama amepita pembeni ya jicho, ukigeuka hayupo?" Anacheka kidogo, anasema, "Paka. Kila siku." Ndiyo maana tafsiri makini hupelekwa kwanza kwa wagonjwa wachache, wakaulizwa wameelewa nini na swali limewakaa vipi. Kisha takwimu hutazama jambo lenye uzito zaidi: watu wawili wenye dalili za kiasi kimoja, wa lugha mbili, wanapata alama moja? Wasipopata, jedwali linaloonyesha kwamba jamii fulani ina saikosisi kidogo linaweza kuwa limepima uoga tu.

Kuna na upande wa pili. Mjane anayemhisi mumewe marehemu chumbani hajavuka mstari wowote ikiwa watu wake wote wanaliona hilo kuwa sehemu ya msiba. Kuhesabu kila uwepo kama dalili ni kosa, na kusamehe kila uwepo kama mila ni kosa vile vile. Mpimaji lazima aulize: lilianza lini, kabla ya Parkinson au baada? Liliongezeka dawa zilipoongezwa? Wenzako nao hupata hivyo?

Neno baya lina madhara ya haraka kuliko takwimu. Aliyeandikiwa wazimu anaweza kupewa haloperidol, dawa inayoziba dopamini, kemikali ya ubongo ambayo Parkinson tayari imeipunguza, na mtu wa Parkinson akiinywa anakakamaa. Kawaida daktari huanza kwa kutafuta maambukizi na kupunguza baadhi ya dawa, na ikibidi kutumia dawa nyingine basi huwa ni quetiapine au clozapine kwa uangalizi.

Yule msomi nilimvuta pembeni. Nikamwambia tuseme mzee anaona maruweruwe, na anajua kuwa ni maruweruwe. Alama 2.

"Na siku asipojua?"

Hapo ni 3, nikamjibu, na daktari wake aambiwe siku hiyo hiyo.