Je, wajua udongo mwekundu wa Dodoma huachia madini yake baharini?

Mvua za Desemba zikianza, ukisimama Gulwe, wilayani Mpwapwa, unaona Mto Kinyasungwe ukipita na wekundu wa mashamba ya watu. Tope jingine hukwama njiani, kwa mfano katika bwawa la Hombolo. Linalosalia hufuata Mkondoa hadi Kilosa, likaingia Wami, na Wami humwaga maji yake Bahari ya Hindi karibu na Saadani. (Tope la Mto Bubu haliioni bahari kamwe, huishia mbugani Bahi.)

Ndani ya tope hilo mna metali kidogokidogo. Chukua bariamu: katika mawe ya granaiti hukaa mahali pa potasiamu. Jiwe likioza na kuwa udongo, bariamu hung'ang'ania chembe za mfinyanzi, kwa kuwa chembe hizo zina chaji hasi nayo ina chaji chanya. Maji ya mtoni hayana chumvi ya kutosha kuibandua.

Baharini kila lita ina chumvi gramu 35 hivi. Sodiamu na magnesiamu huja kwa wingi mno, zikagombea nafasi ileile juu ya chembe, na bariamu ikasukumwa majini. Kadimi, metali nyingine iliyomo topeni, nayo huvutwa na kloridi iliyo katika chumvi hiyo, ikaingia majini.

Chuma, ambacho ndicho kinachoupa udongo wetu wekundu, kina safari ndefu zaidi, na mimi huistaajabia kuliko zote. Kile kilichoyeyuka mtoni huganda kikikutana na chumvi, kikazama. Lakini chini kwenye tope, oksijeni ikiisha, bakteria huanza kupumua kwa kutumia manganizi, kisha ile kutu ya chuma. Kutu huyeyuka, na sehemu yake hupanda tena majini, ambako mimea midogo ya bahari huihitaji ili ikue.

Tunajuaje haya hutokea kweli? Matumbawe hukua tabaka kwa tabaka, huku yakihifadhi bariamu ya maji yaliyoyazunguka. Huko Malindi, Kenya, karibu na mlango wa Mto Sabaki, kuna tumbawe lenye kumbukumbu ya miaka 300 hivi. Tangu mwanzoni mwa karne ya 20 bariamu yake iliongezeka, kwa sababu nyanda za juu zililimwa zaidi na udongo ukaanza kukimbia.