Udhibiti wa maji ya mvua kwenye udongo uliochafuliwa: maana yake na namna ya kuutimiza

Udhibiti wa maji ya mvua ni wajibu wa mwenye kiwanja kuhakikisha kuwa mvua inayonyesha kwake haitoki kwa kasi, wingi au uchafu kupita kiasi kinachoruhusiwa na mji. Miji mingi siku hizi humtaka ayazuie maji palepale, yazame ardhini kupitia mashimo ya changarawe au bustani zilizobonyea. Udongo uliochafuliwa nao una kanuni zake, nazo huelekea upande mwingine: usiuoshe, usiusambaze, usiisukume sumu yake kuelekea maji ya chini ya ardhi. Kiwanja kilichowahi kuwa gereji, kituo cha mafuta, kiwanda cha ngozi au jalala hubanwa na kanuni zote mbili kwa pamoja. Ukitii ya kwanza bila kuitazama ya pili, shimo lako la kuzamisha maji linaweza kuwa njia ya sumu kufika kwenye kisima cha jirani.

Ndiyo maana sampuli za udongo hutangulia mchoro wa mifereji. Hatua hii hurukwa kwa urahisi, kwa sababu mchoro unahitajika ili kuomba kibali na maabara huchukua muda. Lakini tangi kuukuu la mafuta likigunduliwa chini ya shimo ambalo limekwisha kuidhinishwa, viwango vya sakafu, miteremko na mabomba vyote hulazimika kuchorwa upya.

Anza na historia ya kiwanja, kisha chimba sampuli mahali hasa ambapo maji yatapelekwa: juu, kwenye kina cha sakafu ya shimo linalokusudiwa, na chini yake. Kwa madini kama risasi na aseniki, watu hupenda kuchanganya udongo wa sehemu kadhaa ili kulipia kipimo kimoja. Hapo kuna mtego. Sehemu moja yenye miligramu 1,000 za risasi kwa kilo, ikichanganywa sawasawa na nne zilizo safi kabisa, itasomeka 200, na doa lenyewe halitaonekana. Sampuli za petroli hazichanganywi kamwe, kwa kuwa mvuke wake hupotea mkononi. Chupa hujazwa bila kuacha nafasi ya hewa, hufungwa barabara na kuhifadhiwa kwenye baridi ya nyuzi 4 hivi hadi maabara.

Omba pia kipimo cha uchujukaji, ambacho udongo hutikiswa ndani ya kimiminika ili kuona ni kiasi gani cha sumu kinachotoka. Jumla ya sumu iliyomo haitoshi kujua kama itasafiri. Risasi hushikamana sana na chembe laini za udongo, kwa hiyo ukizuia tope umezuia sehemu kubwa yake. Benzini, sumu iliyomo ndani ya petroli, na kromiamu ya aina ya sita huyeyuka na kupita pamoja na maji, hata yale yanayong'aa kwa usafi. Mtu anayepima mafanikio kwa kutazama weupe wa maji anajidanganya.

Hesabu ya maji ni rahisi: eneo kwa mita za mraba, mara kina cha mvua kwa mita, mara sehemu ya mvua inayotiririka. Lami na paa hutiririsha kama 0.9 ya mvua yote. Kiwanja cha mita za mraba 2,000 kilichosakafiwa chote, kikipata milimita 25, hutoa 2,000 × 0.025 × 0.9, yaani mita za ujazo 45. Hayo ndiyo maji yanayotafuta pa kukaa.

Udongo ukiwa mchafu, usiyazamishe hapo. Yakusanye kwenye tangi au bustani iliyotandikwa plastiki nzito isiyopitisha maji, yenye bomba la matundu chini, kisha yaachie taratibu kwenye mfereji wa mji kupitia tundu dogo lililokokotolewa. Kama sehemu nyingine ya kiwanja imethibitika kuwa safi, yapeleke huko, mradi maji yanayozama yasije yakapita chini ya sehemu chafu. Ombi la kuondolewa sharti la kuzamisha maji lipelekwe mapema likiambatana na matokeo ya maabara, maana bila hayo ofisa hana msingi wa kulikubali.

Mtaro wa bomba unastahili uangalifu kuliko unavyopewa. Changarawe inayolilalia bomba hupitisha maji upesi kuliko udongo ulio kando, kwa hiyo mtaro wenyewe hugeuka kuwa mfereji wa maji machafu na mvuke wa petroli hadi chini ya jengo. Dawa yake ni kuukata kwa vizibo vya udongo wa mfinyanzi vilivyoshindiliwa kati ya kuta mbili za mtaro. Mpira wa kawaida kwenye viungo vya mabomba huvimba na kulegea ukikutana na mafuta; agiza mpira wa naitraili. Na bomba lililo chini ya kina cha maji ya ardhini, likiwa na kiungo kinachovuja, hunyonya maji machafu na kuyapeleka mtoni hata siku ya jua.

Wakati wa ujenzi, udongo uliochimbwa huvimba: mita za ujazo 100 ardhini huwa kama 125 kwenye lori. Rundo likae juu ya plastiki, lizungukwe na tuta, lifunikwe turubai lenye mifuko ya mchanga. Kingo za turubai zishuke nje ya tuta. Zikiishia ndani, mvua yote hukusanyika kwenye uchafu na utakuwa na bwawa la kutibu. Uzio wa kitambaa cha kuzuia tope ufukiwe sentimita 15 ardhini. Usipofukiwa, maji hupita chini yake. Njia ya kutokea iwe na mawe kwa urefu wa mita 15 hivi, na magurudumu yakioshwa, maji hayo yakusanywe.

Maji yaliyojaa kwenye shimo la ujenzi usiyahesabu kama maji ya mvua. Kuyapampu kwenye mfereji wa mji huhitaji idhini ya pekee. Kuyaacha yatulie nako hakutoshi: mchanga laini hushuka sentimita 30 ndani ya dakika moja, ilhali chembe ya mfinyanzi ya mikroni 2, yaani elfu mbili za milimita (0.002), huhitaji karibu siku nzima kwa kina hichohicho. Hutiwa shabu ili chembe zigandamane, kisha huchujwa. Penye benzini hupitishwa pia kwenye mkaa ulioamilishwa, yaani uliotengenezwa ili unase sumu, na kupimwa kabla ya kuachiwa.

Kila lori liondoke na hati inayoonyesha aina ya taka, uzito na jalala lililokubali kuipokea. Udongo unaobaki hufunikwa kitambaa cha rangi kali chini ya udongo safi, na mahali pake huandikwa kwenye ramani na kumbukumbu za kiwanja, ili fundi atakayekuja baadaye kupanda miti au kurekebisha bomba asikitoboe kitambaa hicho bila kujua.