Usanifu wa grafiki na uzalishaji: somo hili la sekondari linafundisha nini?

Usanifu wa grafiki ni kazi ya kupanga maandishi, picha, rangi na nafasi tupu ili ujumbe umfikie msomaji bila kumchosha. Uzalishaji ni hatua zote zinazoufanya mpango huo uwe kitu halisi: bango ukutani, kijitabu kilichobanwa pini, fulana yenye nembo, lebo ya chupa au ukurasa unaofunguka kwenye simu. Shule za sekondari zenye somo hili huyafundisha yote mawili pamoja, na kwa maoni yangu hapo ndipo uzito wa somo ulipo. Mwanafunzi akipewa nusu ya kwanza peke yake, atamaliza shule ana picha nzuri kwenye kompyuta lakini hajui zitakuwaje zikifika kwenye karatasi.

Wengi hudhani ni somo la kuchora. Mkono mwepesi wa kuchora unasaidia, hasa katika rasimu za penseli, lakini mchoraji yuko huru kuanza na lililo moyoni mwake. Msanifu huanza na maswali: nani anasema, anamwambia nani, ujumbe utasomwa wapi na kwa muda gani? Bango la mkutano husomwa na mtu anayepita, pengine bila kusimama. Lazima iamuliwe jicho lake lianze na nini, kichwa cha habari au tarehe, na majina ya wafadhili yakae wapi bila kugombania nafasi hiyo. Wanaoanza hupenda kukuza kila kitu na kutumia fonti (mitindo ya herufi) nne kwa mpigo. Kazi ya mwalimu katika wiki za mwanzo ni kuwafundisha kupunguza.

Mfano ninaoupenda ni ramani ya treni za chini ya ardhi za London. Mwaka 1931 Harry Beck, aliyekuwa mchoraji wa michoro ya kihandisi, aliichora upya kwa mistari ya wima, ya mlalo na ya mshazari tu, bila kujali umbali halisi kati ya vituo. Ilitolewa kwa abiria mwaka 1933. Aliyemo ndani ya treni hahitaji kujua kona za reli. Anahitaji kujua abadilishe treni kituo gani. Beck aliondoa yote yasiyojibu swali hilo, na huo ndio usanifu wenyewe.

Tukija kwenye uzalishaji, mambo yanakuwa ya vipimo. Skrini hutengeneza rangi kwa kuchanganya mwanga mwekundu, wa kijani na wa bluu. Mashine ya kuchapa huchanganya wino wa sayani (bluu inayoelekea kijani), majenta (nyekundu inayoelekea zambarau), njano na nyeusi. Kijani kinachong'aa kwenye skrini mara nyingi hakipatikani kwa wino hizo nne, na mwanafunzi anapoiona nakala ya kwanza imepoa rangi ndipo anapoelewa kwa nini faili hupimwa rangi kabla ya kupelekwa kuchapwa. Picha nazo zina hesabu yake. Kipimo cha kawaida cha kuchapa vizuri ni pikseli, yaani nukta ndogo zinazounda picha, 300 kwa kila inchi, kwa hiyo picha yenye upana wa pikseli 1200 inatosha inchi 4, kama sentimita 10. Ukiitandaza kwenye bango la A3 lenye upana wa sentimita 29.7, itaonekana imevurugika. Nembo huchorwa kwa vekta, yaani mistari inayohesabiwa upya kila inapokuzwa, kwa sababu leo itakaa kwenye kadi na kesho kwenye ubavu wa basi.

Kisu cha kukatia karatasi nacho hakikati mahali palepale kila mara. Ndiyo maana rangi inayofika ukingoni huongezwa kama milimita 3 nje ya mstari wa kukatia, na maandishi husogezwa ndani. Bila ziada hiyo, kisu kikihama kidogo tu, uzi mweupe hubaki pembeni.

Jambo linalowashangaza wengi ni mpangilio wa kurasa. Chukua karatasi mbili za A4, zipachike moja ndani ya nyingine na uzikunje katikati. Umepata kijitabu cha kurasa 8 za A5. Zipe namba kwa penseli kuanzia jalada la mbele, kisha zifungue. Karatasi ya nje ina ukurasa wa 8 kushoto na wa 1 kulia. Nyuma yake kuna wa 2 na wa 7. Ya ndani ina wa 6 na wa 3, na nyuma yake wa 4 na wa 5. Kila jozi ukiijumlisha unapata 9. Hapo mwanafunzi anaona kwa macho yake kwa nini kijitabu cha kubana pini hupangwa kwa kurasa 4, 8, 12 au 16, na kwa nini mteja akileta maandishi ya kurasa 10 ni lazima apunguze mbili au aongeze mbili. Kurasa zikizidi, karatasi za katikati huchomoza nje kwa sababu ya unene wa mkunjo, kwa hiyo pambizo zake hurekebishwa.

Programu za kompyuta zinafundishwa, lakini zisikupe hofu. Hubadilika kila baada ya miaka michache, na aliyeelewa gridi (mistari ya kupangia ukurasa), rangi na vipimo huhama kutoka moja kwenda nyingine bila taabu kubwa.

Kabla hujalichagua somo hili, uliza kama wanafunzi huchapa, hukata na kukunja kazi zao wenyewe, na kama rasimu zao huhifadhiwa na kupewa alama pamoja na kazi iliyokamilika. Mitambo ya bei kubwa si lazima. Printa ya kawaida, rula ya chuma, kisu chenye makali na stepla ya shingo ndefu vinatosha kutoa gazeti la shule, na gazeti hilo litawapitisha wanafunzi karibu katika kila hatua niliyoitaja, pamoja na kusoma prufu, yaani nakala ya kusahihishia, mara ya mwisho kabla nakala hazijaanza kutoka.