Majitaka yaliyotibiwa: safi kwa nani?

Majitaka yaliyotibiwa ni majitaka yaliyopunguzwa uchafu mpaka mto unaoyapokea uweze kumalizia uliobaki bila kudhurika. Maana yenyewe ni hiyo. Kinachoudhi ni jinsi mto unavyosahaulika kila mji mdogo unapopata mtambo: kiongozi anasimama kando ya bomba la mwisho na kutangaza kwamba maji yanayotoka sasa ni safi kabisa. Mtambo haukujengwa kwa kazi hiyo.

Kazi yake kubwa ni kuwanyima bakteria chakula mtoni. Majitaka mabichi ya majumbani huhitaji kama miligramu 200 hadi 300 za oksijeni kwa kila lita ili bakteria wamalize kuyaozesha, ilhali maji ya mto yenye nyuzi 20 hubeba miligramu 9 tu hivi, tena yakiwa yameshiba. Piga hesabu mwenyewe, samaki watavuta nini? Basi bakteria hulishwa huko huko mtamboni, ama kwenye matangi yanayopulizwa hewa, ama kwenye mabwawa yanayopokezana, ambayo miji midogo yenye jua na ardhi ya kutosha huyapenda kwa kuwa hayali umeme.

Kiwango cha kuyaruhusu yatoke nacho kina historia. Tume ya kifalme ya Uingereza, katika ripoti yake ya 8 ya mwaka 1912, ilipendekeza hitaji la oksijeni, lile ambalo maabara huandika BOD, lisizidi miligramu 20 kwa lita, na chembe zinazoelea zisizidi 30. Tarakimu hizo zimenakiliwa nchi nyingi. Sharti lililoambatana nazo ndilo husahaulika: tume ilichukulia kwamba mto utayazimua maji hayo angalau mara 8. Sasa chukua kijito ambacho kiangazi kikikolea, sehemu kubwa ya kinachotiririka ni maji ya bomba lenyewe. Mtambo unafaulu kwenye makaratasi na kijito kinakufa, na hakuna aliyedanganya.

Wala usiende kuhakikisha kwa chupa pale bombani. Maji yatakuwa maangavu, pengine na rangi ya chai hafifu, na oksijeni bado imo. Streeter na Phelps, waliochunguza mto Ohio wa Marekani, walionyesha mwaka 1925 kwamba oksijeni huendelea kushuka maji yakiteremka, ikafika chini kabisa mbali na bomba, ndipo ianze kupanda tena. Wanaoishi huko chini hawaalikwi kwenye sherehe ya uzinduzi.

Halafu kuna asilimia. "Tumeondoa asilimia 99 ya vijidudu" inasikika kama kazi imekwisha. Mililita 100 za majitaka mabichi zinaweza kuwa na bakteria wa kinyesi milioni 10. Ondoa asilimia 99, wanabaki laki moja. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 1989, kwa kumwagilia mboga zinazoliwa mbichi, ulitaka wasizidi 1,000. Kumwagilia tu, sizungumzii kunywa. Naitrojeni na fosforasi nazo mitambo mingi ya kawaida huzigusa kidogo, kwa hiyo hushuka na mto hadi kwenye bwawa au ziwa kulisha mwani na magugu maji. Huko zinakutana na mbolea iliyosombwa mashambani, maana kidakio kizima, yaani ardhi yote ambayo mvua yake huteremkia mtoni, humwaga maji katika mto huo huo na mashamba hayana bomba la mwisho la kupimwa.

Mtambo ni jambo jema na sherehe iendelee. Ila msemaji angesema hivi: maji haya yametibiwa vya kutosha kurudishwa katika mto huu, ukiwa na maji kiasi hiki wakati wa kiangazi. Kiasi chenyewe kama hanacho, wanaopima mto watampa.