Mfuko mbadala ni badala ya nini?

Mfuko mbadala ni mfuko wa kubebea bidhaa unaotumika mara nyingi, ukachukua nafasi ya mifuko ya plastiki ya kutumia mara moja na kutupa. Ningekomea hapo, ila nimesikia tena mtu akimhakikishia mwenzake: "Huu si plastiki, huu ni mbadala." Ulikuwa plastiki.

Neno lina asili ya Kiarabu, badal, kitu kinachowekwa mahali pa kingine. Kwetu limezaa ukoo mzima: badala, badili, badilisha, mbadala. Ndugu hawa hawafanyi kazi moja. Ukibadili mfuko, umeacha huu ukashika ule, basi. Badala haisimami peke yake. Lazima ifuatwe na "ya", na msikilizaji ana haki ya kuuliza: badala ya nini? Mbadala nao umebeba swali hilohilo tumboni, hata pale usemaji unapolimeza. Kwa hiyo "mbadala" si jina la malighafi, wala si rangi, wala si kile kitambaa chenye vishimo vidogovidogo.

Kitambaa chenyewe, kwa taarifa tu, kwa kawaida ni nyuzi za polipropilini zilizobanwa kwa joto bila kufumwa. Polipropilini ni plastiki. (Na mfuko mwembamba tunaouita "nailoni" ni wa polithini, nailoni haimo kabisa. Jina limeshakaa, sigombani nalo.)

Nadhani sheria zimechangia mkanganyiko. Bangladesh, nchi ya kwanza kupiga marufuku mifuko myembamba, ilifanya hivyo mwaka 2002 baada ya mifuko kuziba mitaro na kuzidisha mafuriko. Wembamba ulikuwa shabaha ya haki: mfuko mwepesi hupeperuka, hunasa, huziba. Lakini sheria ikipima unene, chochote kinachopita kipimo huanza kuitwa mbadala. Jimbo la California lilipitisha katazo lake mwaka 2014 na kuruhusu mifuko minene ya plastiki, mradi iweze kutumika walau mara 125. Iweze! Watu wengi waliichukua, wakaitumia kama ile ya zamani, wakaitupa ikiwa na plastiki nyingi zaidi. Mwaka 2024 ikabidi itungwe sheria nyingine ya kuiondoa.

Pamba nayo haina kinga. Uchunguzi wa Wakala wa Mazingira wa Uingereza uliotolewa mwaka 2011 ulilinganisha mifuko kwa mchango wake katika kuongeza joto la dunia. Ili kuufikia mfuko mwembamba uliotumika mara moja, wa karatasi ulihitaji kutumika mara 3, wa polipropilini mara 11, wa pamba mara 131. Hesabu hiyo haikugusa mitaro iliyoziba wala mifuko inayoelea baharini, kwa hiyo asije mtu akaitumia kuutetea ule mwembamba. Inachoonyesha ni kwamba "badala ya" ina idadi.

Kwa hiyo anayetoka dukani na mfuko mpya wa kitambaa kila safari hana mbadala bado, ana mfuko mwingine. Auite hivyo kwa sasa. Mfuko huo ukirudi naye dukani mara ya kumi na mbili, sitamsahihisha.