Mwambao haukukodishwa kwa miaka 50

Kila mjadala wa redio unapogusa siasa za Pwani, hakosi msikilizaji wa kupiga simu na kusema: mwambao ulikodishwa kwa Kenya mwaka 1963 kwa miaka 50, na muda umekwisha. Juzi barazani, Mji wa Kale, muuza kahawa aliliinua dele lake asimimine, akanigeukia: "Wasikia, ami?"

Nilisikia. Mwanahistoria aliyealikwa studio alikuwa ndiyo kwanza aanze kujibu, matangazo ya biashara yakamkatiza.

Kodi ilikuwepo kweli, ila mlipaji alikuwa Mwingereza. Kwa mkataba wa 1895, Sultani wa Zanzibar aliuweka mwambao huo, yaani ukanda wa pwani wenye upana wa maili kumi, chini ya utawala wa Uingereza, naye akilipwa kila mwaka. Barua za Oktoba 1963 kati ya Jomo Kenyatta na Mohamed Shamte, waziri mkuu wa Zanzibar, hazina kodi wala muhula: Sultani aliuachia ukanda wenyewe. Kenya nayo iliahidi kulinda uhuru wa dini, mahakama za kadhi na hati za ardhi. Hiyo miaka 50 nadhani ni mwangwi wa mkataba wa 1887 kati ya Sultani na kundi la mfanyabiashara William Mackinnon; huo ndio uliokuwa na muhula huo. Mimi ningepiga simu kuuliza ile ahadi ya hati za ardhi.