Mei 1871: Dhana potofu kuhusu wiki za mwanzo za ligi ya besiboli

Besiboli ya ligi ina tarehe yake ya kuanza: Alhamisi, Mei 4, 1871, Fort Wayne, jimbo la Indiana, Marekani. Mawingu yalikuwa yametanda na watazamaji wapatao 200 tu ndio waliofika. Magazeti ya wakati ule yaliandika mechi za wiki zilizofuata moja baada ya nyingine, kwa hiyo hakuna sababu ya kubahatisha. Hata hivyo simulizi zinazosambaa leo zina makosa mengi, na baadhi yake yanawanyima watu haki yao.

"Besiboli ilibuniwa na Abner Doubleday huko Cooperstown mwaka 1839"

Hapana. Mwaka huo Doubleday alikuwa mwanafunzi wa chuo cha kijeshi cha West Point. Simulizi hiyo ilipewa muhuri na tume iliyoongozwa na Abraham Mills kati ya 1905 na 1907, na ushahidi wake mkuu ulikuwa barua za mzee mmoja aliyedai kukumbuka mambo ya utotoni mwake. Mchezo ulikua polepole kutokana na michezo ya fimbo na mpira iliyochezwa Uingereza na Marekani. Hakuna mtu mmoja aliyeubuni.

"Ligi ya kwanza ya kulipwa ni National League ya 1876"

Dhana hii ina nguvu kwa sababu National League bado ipo na imejiandikia historia yake. Mechi yake ya kwanza ilichezwa Philadelphia, Aprili 22, 1876, Boston wakiwafunga Athletics 6 kwa 5. Lakini wengi waliokuwa uwanjani siku hiyo tayari walikuwa na uzoefu wa miaka mitano ya ligi.

Ligi hiyo, Chama cha Kitaifa cha Wachezaji wa Besiboli wa Kulipwa, iliundwa New York usiku wa Machi 17, 1871. Ada ya klabu kuingia kugombea ubingwa ilikuwa dola 10. Waliokubali ni tisa: Athletics wa Philadelphia, Boston, Chicago, Cleveland, Fort Wayne, Mutuals wa New York, Rockford, Troy na Olympics wa Washington. Eckford wa Brooklyn walisita kutoa fedha hizo wakabaki nje.

Kati ya hao tisa, wawili wangali hai. Chicago White Stockings ndio Cubs wa leo, na Boston Red Stockings, baada ya kubadilisha majina na kuhama miji, ndio Atlanta Braves.

"Kwa hiyo Cincinnati Reds ndiyo klabu kongwe kuliko zote"

Cincinnati Red Stockings wa 1869 walikuwa klabu ya kwanza kutangaza wazi kwamba wachezaji wake wote wanalipwa, na walimaliza msimu ule bila kupoteza mechi. Hapo hakuna ubishi. Lakini baada ya 1870 viongozi wa klabu waliona gharama ni kubwa, wakaacha kulipa wachezaji. Ligi ilipoanza Mei 1871, Cincinnati haikuwa na timu ndani yake. Reds wa leo wanatokana na klabu nyingine iliyoanza kucheza mwaka 1882.

Wachezaji wenyewe waligawanyika makundi mawili. Harry Wright, kocha na nahodha, alimchukua mdogo wake George pamoja na Charlie Gould na Cal McVey akaenda nao Boston, na jina la Red Stockings akalibeba. Asa Brainard, Doug Allison, Fred Waterman, Charlie Sweasy na Andy Leonard walikwenda Washington. Boston na Washington walipokutana, mashabiki walikuwa wanatazama ndugu wa nyumba moja wakigombana.

"Ufunguzi ulikuwa sherehe kubwa"

Huenda ungekuwa, kama si mvua. Mechi iliyotarajiwa kufungua msimu ni hiyohiyo ya Boston na Washington, ikiwa na majina yote makubwa. Mvua ikaizuia Mei 4. Heshima ikaangukia Fort Wayne, ambako klabu ya Kekionga iliwapokea Forest Citys wa Cleveland.

Mechi hiyo inastahili kusimuliwa kwa kirefu. Mpigaji wa kwanza katika historia ya ligi alikuwa Jim White wa Cleveland, mdakaji wa timu, yaani anayekaa nyuma ya mpigaji kudaka mipira ya mrushaji. Alipiga mpira uliomfikisha kituo cha pili. Aliyemfuata, Gene Kimball, alipiga mpira wa juu ukadakwa na Tom Carey, naye White akiwa ameshaondoka kituoni akatolewa papo hapo. Wawili nje kwa mpira mmoja! Katika awamu ya pili kati ya tisa za mechi (kila awamu timu zote mbili hupiga kwa zamu), Bill Lennon wa Kekionga alifika kituo cha pili, kisha pigo la Joe McDermott likamrudisha nyumbani. Huo ukawa mkimbio wa kwanza, na kwa asiyeujua mchezo, mkimbio ndio bao la besiboli: mchezaji anazunguka vituo vitatu na kurudi alipoanzia.

Mrushaji wa Kekionga alikuwa Bobby Mathews, kijana wa miaka 19 kutoka Baltimore, mfupi na mwembamba. Cleveland hawakupata kitu kwake. Mvua ilishuka katika awamu ya tisa na mechi ikakatizwa, Kekionga wakiwa mbele kwa mikimbio 2 bila majibu.

Kwa mtazamaji wa leo 2 kwa 0 ni matokeo ya kawaida. Mwaka 1871 yalikuwa ya ajabu, na magazeti yaliyasifu hivyo. Siku iliyofuata anga la Washington lilifunguka na mechi iliyoahirishwa ikachezwa: Boston 20, Olympics 18. Mei 8, Chicago wakawafunga Cleveland 14 kwa 12, na katika mechi hiyo Ezra Sutton wa Cleveland akapiga mpira uliomzungusha vituo vyote hadi nyumbani, pigo la kwanza la aina hiyo katika ligi. Akalirudia tena siku hiyohiyo, na bado timu yake ikafungwa.

"Ulikuwa mchezo huuhuu wa leo, ila bila televisheni"

Mtu wa leo angeshangaa kwanza kwa mikono mitupu. Wachezaji walidaka mipira mikali bila glavu, na vidole vilivyovunjika vilikuwa sehemu ya kazi.

Mrushaji alisimama futi 45 tu kutoka kwa mpigaji, chini kwenye ardhi tambarare, na sheria ilimtaka arushe mkono ukitokea chini ya kiuno. Kurusha kutoka juu ya bega kuliruhusiwa mwaka 1884, na umbali wa sasa wa futi 60 na inchi 6 ulikuja 1893. Juu ya hayo, kuanzia msimu huohuo wa 1871 mpigaji aliruhusiwa kumwambia mwamuzi anautaka mpira wa juu au wa chini, na mrushaji akalazimika kutii. Mwamuzi alikuwa mmoja uwanja mzima. Hata mwenyeji hakuwa na uhakika wa kupiga wa pili, kwani sarafu ndiyo iliyoamua nani aanze.

Mpira uliogusa ardhi ndani ya mstari wa pembeni wa uwanja kisha ukakimbilia nje ulihesabiwa halali. Ross Barnes wa Boston aliigeuza sheria hiyo kuwa silaha: aligonga mpira ukadunda ndani mara moja tu na kupotelea pembeni, walinzi wakaufukuza huku yeye yuko kituoni. Sheria ilibadilishwa kabla ya msimu wa 1877. Upande wa pili, mpira ulioenda nje na kudakwa baada ya kudunda mara moja ulimtoa mpigaji.

Kwa hiyo mikimbio 20 si dalili ya wachezaji wabovu, maana walinzi walikuwa wanapambana bila kinga yoyote na mpigaji amejichagulia mpira autakao. Ukitaka kupima ukubwa wa kazi ya Mathews pale Fort Wayne, anzia hapo.

"Kulikuwa na ratiba, na matokeo ya uwanjani yalikuwa ya mwisho"

Ratiba haikuwapo. Chama kilisema tu kwamba kila klabu icheze na kila nyingine mfululizo wa mechi, wa kushinda tatu kati ya tano. Lini na wapi, makatibu wa klabu walipatana wenyewe kwa barua. Nauli ya treni na mapato ya getini ndivyo vilivyoamua nani anasafiri.

Matokeo nayo yaliweza kupinduliwa mezani. Rockford, timu iliyokuwa na kijana Adrian Anson katika msimu wake wa kwanza, ilimchezesha mdakaji Scott Hastings ambaye mwezi Aprili alikuwa amechezea klabu moja ya New Orleans. Kanuni ilimzuia mchezaji kuchezea klabu mpya kabla ya siku 60 kupita. Wapinzani walikata rufaa, na baadaye Rockford wakanyang'anywa ushindi wa mechi nne, ushindi wa mezani ukaenda kwa waliofungwa. Walimaliza na ushindi 4 na vipigo 21, wa mwisho kabisa. Shabiki wa soka wa Dar es Salaam au Nairobi hahitaji maelezo zaidi kuhusu uchungu wa jambo hilo.

Majeraha nayo yaliingilia mapema. George Wright, labda mchezaji bora kuliko wote wakati ule, aligongana na mwenzake Fred Cone wakifukuza mpira mmoja, akaumia mguu. Alicheza mechi 16 tu, takriban nusu ya mechi za Boston. Ubingwa walichukua Athletics kwa ushindi 21 na vipigo 7, Boston wakiwa na 20 kwa 10. Kekionga, washindi wa mechi ya kwanza, hawakufika hata Septemba. Walivunjika, Eckford wakaingia badala yao, lakini mechi za Eckford hazikuhesabiwa katika ubingwa.

"Wachezaji wote walikuwa Wamarekani weupe, na Jackie Robinson alikuwa mtu mweusi wa kwanza"

Hapa kuna dhana mbili zilizofungwa pamoja, na zote mbili zina kasoro.

Beki wa kituo cha tatu wa Troy, Esteban Bellán, alizaliwa Cuba. Alijifunza besiboli shuleni New York, akawa mtu wa kwanza kutoka Amerika ya Kilatini kucheza ligi ya kulipwa, kisha akarudi kwao na kuwa miongoni mwa waliousimika mchezo huo kisiwani. Nahodha wa Troy msimu ulipoanza alikuwa Lip Pike, Myahudi wa New York.

Watu weusi walicheza besiboli tangu mapema, na kwa ustadi. Klabu ya Pythian ya Philadelphia, iliyoongozwa na mwalimu na mwanaharakati Octavius Catto, iliomba mwaka 1867 kujiunga na chama cha jimbo la Pennsylvania ikakataliwa. Desemba ya mwaka huohuo, chama cha kitaifa cha wakati ule kiliandika kabisa kwamba klabu zenye watu weusi hazitapokelewa. Chama kipya cha 1871 hakikuandika katazo kama hilo, na hakikuhitaji, maana mlango ulikuwa umeshafungwa. Catto aliuawa kwa risasi Philadelphia Oktoba 10, 1871, siku ya uchaguzi, watu weusi waliposhambuliwa kwa sababu ya kwenda kupiga kura. Siku 20 baadaye Athletics wa mji huohuo waliwafunga Chicago 4 kwa 1 wakatwaa ubingwa. Anayesimulia msimu wa 1871 bila kumtaja Catto ameacha nusu ya hadithi.

Robinson, aliyeingia ligi kuu mwaka 1947, alivunja ubaguzi uliodumu miongo sita, na ukubwa wake haupungui. Lakini Moses Fleetwood Walker alimtangulia: Mei 1, 1884, alikuwa mdakaji wa Toledo katika mechi ya ufunguzi huko Louisville, katika ligi inayotambuliwa kuwa kuu. Alicheza mechi 42 msimu ule.

"Msimu wa 1871 unahesabiwa katika rekodi rasmi za ligi kuu"

Wengi wanadhani hivyo kwa kuwa takwimu zake zinapatikana kirahisi. Mwaka 1969 kamati maalumu ya rekodi iliamua kwamba chama kile hakikuwa ligi kuu, ikitaja ratiba isiyo ya uhakika na taratibu zake. Mimi sikubaliani nayo. Wachezaji bora wote wa nchi walikuwa mle, na mwaka 2020 ligi za watu weusi za 1920 hadi 1948, ambazo ratiba zake nazo zilivurugwa na umaskini na ubaguzi, zilitambuliwa kuwa kuu, na ilikuwa haki kabisa. Kipimo hicho kitumike na huku.

Uamuzi ule una majina ya watu ndani yake. Bobby Mathews alishinda mechi 297 maishani. Kati ya hizo, 131 ni za miaka ya chama kile, ukianza na ile 2 bila ya Fort Wayne, na hazihesabiwi. Amebaki na 166 rasmi, na jumba la mashujaa wa besiboli halijamwingiza. Jim White aliishi hadi miaka 91. Jumba hilo lilizinduliwa Cooperstown Juni 1939, kuadhimisha miaka 100 ya ubunifu wa Doubleday ambao haukuwahi kutokea. White, mpigaji wa kwanza wa ligi, alikuwa bado hai na hakualikwa. Alifariki Julai mwaka huohuo, na akaingizwa mwaka 2013.